Uhakiki wa Dhana ya Mzalishaji katika Sheria za Urejelezaji wa Betri za Kuchajiwa: New York, Umoja wa Ulaya na Funzo la Owino Uhuru

Ikisiri

Makala hii inahakiki sheria zinazomtaka mzalishaji wa betri za kuchajiwa agharimie ukusanyaji na urejelezaji wake. Matini kuu zilizosomwa ni sheria ya jimbo la New York ya mwaka 2010 na Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542. Kila matini inaulizwa maswali matatu: nani anawajibika, kwa kiasi gani, na mpaka wapi. Hoja ya makala ni kwamba sheria hizi zimeendelea sana katika kujibu maswali mawili ya kwanza, ilhali swali la tatu, yaani mahali ambapo betri inavunjwa na kuyeyushwa, bado halijajibiwa kwa uzito unaostahili. Mkasa wa Owino Uhuru, Mombasa, unatumika kuonesha gharama ya pengo hilo. Mwishoni, makala inajadili tatizo la istilahi litakalowakabili wanaoandika sheria za aina hii kwa Kiswahili, kwa sababu neno moja likichaguliwa vibaya linaweza kumwondolea mwenye mali wajibu wake na kumbebesha fundi.

1.0 Utangulizi

Betri ya kuchajiwa ina tabia inayoitofautisha na bidhaa nyingi zinazotupwa. Ikiisha uwezo wa kutunza umeme, vitu vilivyomo ndani yake havijaisha. Risasi iliyomo katika betri ya gari ni ileile iliyokuwamo siku iliponunuliwa; vivyo hivyo kadimiamu, nikeli, kobalti na lithiamu. Kwa hiyo betri iliyokufa ni mali kwa anayejua kuyatoa madini hayo, na ni sumu kwa anayeishi jirani na mahali yanapotolewa bila hadhari. Sheria yoyote juu ya betri zilizokwisha inashughulikia mambo haya mawili kwa wakati mmoja, hata pale matini yake inapotaja moja tu.

Sheria za kumtaka mzalishaji abebe mzigo huu zilianza kwa hofu ya kadimiamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, majimbo kadhaa ya Marekani, yakiwemo Minnesota na New Jersey, yalianza kuwawekea watengenezaji masharti juu ya betri za nikeli na kadimiamu, ambazo zilikuwa zikiishia katika majalala na matanuri ya kuchomea taka. Mwaka 1994 wenye viwanda waliunda shirika lao la kukusanya betri hizo, na mwaka 1996 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya shirikisho iliyosawazisha alama zinazobandikwa kwenye betri na kutaka ziweze kutolewa kwa urahisi ndani ya vifaa. Sheria hiyo iliwarahisishia wenye viwanda kazi ya ukusanyaji. Haikuwalazimisha kuigharimia. Tofauti kati ya kurahisishiwa na kulazimishwa ndiyo msingi wa mjadala unaofuata.

2.0 Swali la Kwanza: Nani Anawajibika?

Mfano wa California unasaidia kuonesha jinsi swali hili lilivyobadilika. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2006 ilimwelekea muuzaji wa rejareja: yeye ndiye aliyetakiwa kupokea betri za kuchajiwa zilizotumika bila kumtoza mteja. Mtengenezaji alibaki nyuma ya pazia. Miaka 16 baadaye, sheria ya mwaka 2022 iliuhamisha mzigo na kumtaka mzalishaji aanzishe mpango wa kukusanya na kurejeleza na kuulipia. Katika jimbo moja, bidhaa ileile imepewa wawajibikaji wawili tofauti.

Sheria ya New York, iliyotiwa saini Desemba 2010, iko kati ya nguzo hizi mbili. Inawataka watengenezaji, kila mmoja peke yake au kwa kushirikiana, wawasilishe mpango kwa idara ya mazingira ya jimbo na kugharimia ukusanyaji katika jimbo zima bila mtumiaji kulipa chochote. Kuanzia Juni 2011, duka linalouza betri hizi linalazimika kupokea zilizotumika, hadi betri 10 kwa siku kutoka kwa mtu mmoja, hata kama hakununua kitu. Kuanzia Desemba 2011, kuzitupa pamoja na taka za kawaida ni kosa. Majukumu yamegawanywa: mtengenezaji analipa, muuzaji anapokea, mtumiaji anarudisha.

Mgawanyo huu una sifa ya uwazi, kwani mtu wa kawaida anaweza kuuelewa na kuufuata. Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba kati ya vitendo hivyo vitatu, viwili vinatendeka mbele ya macho ya watu, na cha tatu hakionekani. Duka likikataa betri, mteja analalamika. Mtu akiitupa jalalani, jirani anaweza kumwona. Je, mtengenezaji akichangia kidogo kuliko inavyostahili, nani atajua?

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inajibu swali la nani kwa upana zaidi. Mzalishaji kwa mujibu wa kanuni hiyo si lazima awe ndiye aliyeiunda betri. Ni yule wa kwanza kuiweka sokoni katika nchi mwanachama, awe mtengenezaji, mwingizaji au msambazaji, pamoja na anayeuza kwa mbali moja kwa moja kwa mtumiaji. Kwa tafsiri hii, kiwanda kilicho bara jingine hakiwezi kuwa kisingizio, kwa kuwa sheria inamshika aliyeupata mlango wa soko. Huu ni uamuzi wa busara, na umuhimu wake kwa Afrika Mashariki utajadiliwa katika sehemu ya 5.0.

3.0 Swali la Pili: Kwa Kiasi Gani?

Sheria ya New York inadai mpango na ripoti ya kila mwaka. Haikuweka asilimia ambayo mtengenezaji akishindwa kuifikia atahesabiwa kuwa ameivunja sheria. Kwa maneno mengine, inapima juhudi badala ya matokeo. Mtengenezaji aliyesambaza masanduku, akabandika matangazo na kuandika ripoti anaweza kuwa ametimiza wajibu wake hata kama masanduku hayo yamejaa nusu tu.

Umoja wa Ulaya ulichagua njia ya kuhesabu. Agizo lake la mwaka 2006 lilizitaka nchi wanachama zikusanye asilimia 25 ya betri ndogo ifikapo Septemba 2012, na asilimia 45 ifikapo Septemba 2016. Kanuni ya mwaka 2023 imeongeza kiwango hicho hadi asilimia 63 mwishoni mwa 2027 na asilimia 73 mwishoni mwa 2030, na safari hii wajibu umewekwa moja kwa moja juu ya wazalishaji. Zaidi ya hapo, kanuni inapima hata kinachotolewa ndani ya betri: mwishoni mwa 2027, warejelezaji wanatakiwa kurejesha asilimia 50 ya lithiamu na asilimia 90 ya kobalti, shaba, risasi na nikeli, mwishoni mwa 2031 viwango hivyo vinapanda hadi asilimia 80 na 95.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba Ulaya imefaulu pale New York ilipolegea. Hitimisho hilo linahitaji tahadhari, kwa kuwa namba nayo ina mipaka yake. Kiwango cha ukusanyaji cha Ulaya kinapatikana kwa kulinganisha uzito wa betri zilizokusanywa na wastani wa uzito wa zilizouzwa katika mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia. Betri nyingi za lithiamu huishi muda mrefu kuliko miaka mitatu. Soko linapokua kwa kasi, betri zinazouzwa leo zinalinganishwa na zilizouzwa zamani zilipokuwa chache, na nchi inayojitahidi inaonekana imezembea. Soko likisinyaa, aliyezembea anaonekana amejitahidi.

Mpaka wa pili unatugusa moja kwa moja. Simu au kompyuta iliyotumika Ulaya na kusafirishwa kwenda kuuzwa Afrika inaondoka na betri yake ndani. Ilihesabiwa ilipouzwa mara ya kwanza, na ada ya urejelezaji ililipwa kwa niaba yake. Betri hiyo itafia Kariakoo au Gikomba, lakini kwa kawaida ada haiifuati. Mzalishaji amelipia kazi ambayo haitafanyika alikolipia, na mahali itakapofanyika hakuna aliyelipa.

4.0 Swali la Tatu: Mpaka Wapi?

Katika sheria nyingi za aina hii, urejelezaji ndio mwisho wa simulizi. Betri imetoka kwa mtumiaji, imepita dukani, imepelekwa kurejelezwa, matini inafungwa. Neno lenyewe limebeba sifa njema kiasi kwamba haliulizwi swali. Owino Uhuru inatulazimisha kuliuliza.

Owino Uhuru ni makazi ya watu wenye kipato kidogo katika eneo la Jomvu, Mombasa. Mwaka 2007 kilianza kufanya kazi hapo kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi zilizotumika, ili risasi itakayopatikana iuzwe nje ya nchi. Ukuta wa kiwanda ulipakana na nyumba. Moshi na vumbi viliingia majumbani, na maji machafu yalitiririka kupita makazini. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Harakati alizoziongoza baada ya hapo zilimpatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa, lakini risasi haikuondoka na mitambo. Ilibaki ardhini na katika miili ya watu. Kwa watoto, madhara yake katika ubongo hayarudishwi nyuma na dawa.

Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na kuagiza eneo lisafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha.

Kwa uhakiki huu, jambo la kuangaliwa zaidi ni orodha ya walioshtakiwa. Zilikuwamo mamlaka za serikali zilizohusika na mazingira, afya na utoaji wa leseni, na zilikuwamo kampuni zilizohusishwa na kiwanda na ardhi yake. Hakuwamo mtengenezaji wala mwingizaji hata mmoja wa betri zilizoyeyushwa pale. Hili si kosa la mawakili. Sheria ya wakati huo haikuwa na uzi wowote wa kuunganisha jina lililoandikwa kwenye betri na tanuri ilimoyeyushwa. Wenye majina hayo walikuwa wameuza, wamelipwa na wamemaliza.

Mtetezi wa sheria za urejelezaji anaweza kusema kwamba Owino Uhuru ilitokana na kukosekana kwa wajibu wa mzalishaji, hivyo dawa ni kuuanzisha. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Betri za risasi hazikuhitaji sheria ili zikusanywe. Risasi ina bei, na wanunuzi wa vyuma chakavu walizifuata mitaani bila kulazimishwa na mtu. Kama tungepima Owino Uhuru kwa kipimo cha asilimia ya betri zilizokusanywa na kurejelezwa, kiwanda kile kingepata alama nzuri. Kilikuwa kinarejeleza. Kasoro ilikuwa katika namna kilivyorejeleza na mahali kilipofanyia kazi hiyo.

Hapa ndipo tofauti ya kemia inapokuwa tofauti ya sheria. Kwa betri ya risasi, soko linakusanya lenyewe, na kazi ya sheria ni kudhibiti tanuri. Kwa betri ya lithiamu iliyotengenezwa kwa chuma na fosfeti, ambayo hutumika katika mifumo mingi ya umeme wa jua na katika pikipiki za umeme, hali ni kinyume. Haina kobalti wala nikeli ya kumvutia mnunuzi, hivyo bila mtu kulazimishwa kulipa, itaachwa kwenye kona ya nyumba au jalalani. Sheria inayozitaja zote mbili kwa pumzi moja, kwa sharti moja la kukusanya, itakuwa imeongeza kasi pale ambapo kasi haikuhitajika.

Kanuni ya Ulaya imelitambua swali la wapi, angalau kwa sehemu. Betri zilizokwisha zikisafirishwa nje ya Umoja huo kwenda kurejelezwa, zinahesabiwa katika viwango iwapo tu msafirishaji anathibitisha kwamba kazi itafanyika katika mazingira yanayolingana na yale yanayodaiwa ndani ya Umoja. Sharti hili ni zuri. Upungufu wake ni kwamba linailinda betri inayosafirishwa kama taka, wala halimgusi aliyeuza betri inayosafiri ndani ya kifaa kinachoitwa bado kizima.

5.0 Tatizo la Istilahi: Mtengenezaji, Mzalishaji, Mwingizaji

Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022 na kuifuatishia kanuni za wajibu wa mzalishaji mwaka 2024. Kanuni hizo zinamhesabu kuwa mzalishaji yule anayeingiza bidhaa nchini, awe ameiunda au ameiagiza. Kwa upande wa Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo, sheria za wajibu wa mzalishaji hazina budi kusomeka na kutafsiriwa mahakamani kwa Kiswahili, na uteuzi wa neno unakuwa uteuzi wa mshtakiwa.

Neno linalojitokeza haraka katika ulimi ni mtengenezaji. Makala hii yenyewe imelitumia ilipoeleza sheria ya New York. Katika sheria ya Kiswahili lingekuwa na hatari mbili. Kwanza, betri nyingi za lithiamu zinazotumika Afrika Mashariki zinaagizwa kutoka nje. Sheria itakayomtaja mtengenezaji bila kumfafanua itakuwa inamtafuta mtu asiyekuwapo nchini, huku mwingizaji akiwa huru. Pili, na hili ni la Kiswahili chenyewe, kitenzi kutengeneza kina maana ya kuunda kitu kipya na pia maana ya kukirudisha kitu kibovu katika hali nzuri. Fundi anayefungua betri ya kompyuta, akachagua seli ambazo bado zina uhai na kuunda nazo betri ya taa ya jua, anatengeneza kwa maana zote mbili. Mbele ya hakimu, ni nani kati ya fundi huyo wa Mwenge na kampuni ya kigeni anayeitwa mtengenezaji kwa urahisi zaidi? Fundi yuko karibu, ana kibanda, na polisi wanamjua.

Neno mzalishaji lina nafuu, kwa kuwa halimlengi fundi katika matumizi ya kila siku. Hata hivyo, nalo peke yake halimchukui mwingizaji. Inafaa basi ufafanuzi wa kisheria uanze na tendo badala ya cheo: mzalishaji ni yeyote anayeiingiza betri sokoni nchini kwa mara ya kwanza kwa ajili ya biashara. Tendo hilo lina siku, lina hati ya forodha na lina jina. Fundi anayerefusha maisha ya betri iliyokwishaingia sokoni anabaki nje ya ufafanuzi, ingawa anaweza kuwekewa masharti yake ya usalama.

Aidha, kauli ya kutendwa inahitaji kuangaliwa. Sentensi kama "betri zitakusanywa na kurejelezwa kwa njia salama" ni fasaha, lakini haina mtenda. Katika Kiswahili sentensi hiyo imekamilika kisarufi, na msomaji haoni pengo. Mkazi wa mtaa ulio jirani na tanuri ndiye atakayeliona, siku atakapouliza amshtaki nani. Kila kitenzi cha wajibu katika sheria ya aina hii kinapaswa kupewa kiima chenye jina.

Uzoefu wa pikipiki za umeme unaonesha kwamba jambo hili linawezekana. Katika miji kama Kigali na Nairobi, baadhi ya kampuni humuuzia dereva pikipiki na kubaki na umiliki wa betri. Dereva hubadilisha iliyokwisha kwa iliyojaa katika kituo. Betri ikichoka, iko mikononi mwa mwenye jina. Mpangilio huo ulibuniwa kwa sababu za kibiashara, lakini umejibu swali la nani kuliko vifungu vingi vya sheria. Haujajibu swali la wapi. Betri iliyorudi kwa mwenyewe bado inaweza kuuzwa kwa mnunuzi asiyeulizwa anaipeleka wapi.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba sheria za wajibu wa mzalishaji zimepiga hatua kutoka kumrahisishia mzalishaji hadi kumlazimisha, na kutoka kupima juhudi hadi kupima matokeo. Sheria ya New York inaeleweka na kila mtu lakini haimpimi mzalishaji kwa kiwango. Kanuni ya Ulaya inampima, ila kipimo chake kinaishia pale betri inapovuka mpaka ndani ya kifaa. Zote mbili ziliandikwa katika jamii ambamo viwanda vya urejelezaji viko chini ya sheria nyingine kali za mazingira, kwa hiyo ziliweza kuliacha swali la tanuri lijibiwe kwingine. Nchi inayoziiga bila kuwa na sheria hizo nyingine, au ikiwa nazo zisizosimamiwa, inaiga nusu ya mfumo.

Makala inapendekeza mambo matatu kwa waandishi wa sheria katika Afrika Mashariki. Mosi, mzalishaji afafanuliwe kwa tendo la kuingiza sokoni. Pili, betri za risasi na za lithiamu zitenganishwe, za kwanza zikiwekewa mkazo katika udhibiti wa uyeyushaji, za pili katika ugharimiaji wa ukusanyaji. Tatu, wajibu wa mzalishaji usihesabiwe umetimizwa kwa kukabidhi betri kwa mrejelezaji, bali kwa uthibitisho kwamba mrejelezaji huyo anafanya kazi mahali na kwa namna isiyowadhuru majirani. Akishindwa kuthibitisha, awe miongoni mwa wanaoweza kushtakiwa.

Pendekezo la tatu litapingwa kwa hoja kwamba linapandisha bei ya betri, na hivyo bei ya umeme wa jua kwa kaya maskini. Upinzani huo ni wa haki na haupuuzwi hapa. Lakini gharama hiyo haikuanzishwa na sheria. Ilikuwapo Owino Uhuru kabla ya kanuni yoyote ya wajibu wa mzalishaji, na ililipwa na kaya maskini vilevile, bila kuandikwa katika stakabadhi yoyote. Sheria inachoweza kufanya ni kuiandika, na kuipeleka kwa aliyepata faida ya mauzo.